Spoti haziwaki, zinafifia au zinakataa kuzima: fuata umeme kabla hujanunua rilei nyingine

Ukishuka Kirinyaga Road, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan, na useme spoti za gari lako, zile taa za ziada za mbele, zimekataa kuwaka, jibu la kwanza utakalopewa ni rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Unainunua, unaichomeka, na mara nyingi taa zinabaki vile vile. Rilei hufa, ndiyo. Lakini kwa gari linalokaa kwenye foleni za Nairobi wiki nzima kisha linateremka Magadi au Suswa wikendi, mkosaji wa kawaida ni ethi mbovu (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari), kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, au waya mwembamba kuliko kazi uliyopewa. Hivyo vitatu havionekani dukani. Vinapatikana kwa kupima.

Tafuta vitu vinne. Mita ya umeme, hata ya bei ya chini kutoka Luthuli Avenue, mradi isome volti za DC na omu. Testa ya balbu, ambayo unaweza kujitengenezea kwa balbu ya indiketa ya wati 21 na vipande viwili vya waya. Hii usiiguse kwenye nyaya za kompyuta ya gari wala za mifuko ya hewa. Waya wa mita moja na nusu wenye vibanio pande zote mbili. Na mtu wa kubonyeza swichi wewe ukiwa umeinamia injini, kwa sababu vipimo vyote vya maana hupigwa taa zikiwa zimewashwa.

Sikio ndilo kipimo cha kwanza

Ufungaji wa rilei una njia mbili za umeme. Njia ndogo ni ya amri: inatoka kwenye swichi ya dashibodi, inaingia pini 86, inapita kwenye koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku) na kutokea 85 kwenda ethi. Inabeba umeme mdogo sana, kama ampea 0.15 hivi. Njia kubwa ni ya mzigo: inatoka betri, inapita fyuzi, inaingia pini 30, na koili ikivuta inatokea 87 kwenda kwenye taa, kisha inarudi betri kupitia ethi. Hiyo ndiyo inayobeba ampea 10, 17 au 25.

Ukiwasha swichi, rilei hugonga: tak. Mlio huo unakwambia kosa liko njia gani, na unakuokolea nusu ya kazi.

"Fundi, nimebadilisha rilei mara mbili na bado."

"Ukiwasha unaisikia ikigonga?"

"Naisikia vizuri."

"Basi, boss, upande wa swichi hauna neno. Fungua boneti tuangalie upande wa betri."

Kelele za barabarani zikizidi, weka kidole juu ya rilei, utaihisi. Na kabla hujaanza kuhesabu pini, soma mchoro mdogo uliochapishwa ubavuni mwa rilei yenyewe. Namba 30, 85, 86 na 87 ni za mfumo wa Kijerumani na ndizo zilizo kwenye rilei nyingi za madukani, ila rilei za asili za magari ya Kijapani huwa na namba zake.

Rilei haigongi kabisa

Kosa liko njia ya amri. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, si kwenye bodi, maana bodi yenyewe ni mshukiwa. Swichi ikiwa imewashwa, gusa 86 kwa ncha nyekundu. Ukisoma sifuri, rudi nyuma: fyuzi ya pale swichi inapochukulia umeme, swichi yenyewe, na waya unaopenya ukuta wa injini, ambapo mara nyingi umepitishwa kwenye tundu la chuma bila mpira wa kuukinga. Ukisoma volti 12, hamisha ncha nyeusi kutoka betri uiweke kwenye 85. Zikipotea hapo, 85 haina ethi. Zikibaki 12 na rilei imenyamaza, koili imekatika. Hapo sasa nenda Grogan.

Ukitaka uhakika zaidi, ing'oe rilei upime omu kati ya 85 na 86. Ya volti 12 husoma kati ya 70 na 100 hivi. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia, imekufa. Ikisoma kama 300, umeuziwa ya volti 24, ya malori. Hilo hutokea, kwa sababu ukiziangalia kwa nje zinafanana na tofauti ni maandishi madogo ubavuni. Ya volti 24 kwenye gari la volti 12 ama haigongi, ama inagonga kwa kusitasita. Ukifanya kinyume, ya 12 kwenye lori la 24, itagonga vizuri sana kwa muda, halafu koili iungue.

Kuna rilei zenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), sambamba na koili. Hizo haziruhusu kugeuza: chanya iingie 86, hasi itoke 85. Ukizigeuza, dayodi inakuwa njia ya mkato na fyuzi ya swichi inaungua papo hapo. Mchoro wa ubavuni huonyesha pembetatu ndogo penye dayodi.

Inagonga, lakini taa ziko giza

Pima 30 kwanza. Hapo pawe na volti za betri wakati wote, swichi iwe imewashwa au imezimwa. Pakiwa sifuri, tatizo ni fyuzi kuu au kishikio chake. Usiiangalie fyuzi kwa macho tu. Itoe na uchungulie miguu yake na plastiki iliyoizunguka. Kishikio kilicholegea huchemka, plastiki inageuka kahawia, na fyuzi inabaki nzima huku umeme haupiti.

30 ikiwa na umeme, pima 87 rilei ikiwa imegonga. Sifuri hapo maana yake pointi za ndani, vile vyuma vinavyogusana rilei ikigonga, zimeungua, au waya wa taa hauko 87. Rilei ya miguu mitano ndiyo inayowachanganya watu. Mguu wa katikati kwa kawaida ni 87a, ambao umeungana na 30 wakati rilei imelala. Ukichomeka waya wa spoti hapo, zitawaka ukizima swichi na kuzima ukiwasha. Na kuna rilei nyingine za miguu mitano ambazo wa katikati ni 87 ya pili, inayofanya kazi sawa na ile ya kwanza. Kwa nje ni ndugu mapacha. Soma mchoro.

87 ikiwa na umeme na taa hazijawaka, umebakiwa na waya wa kwenda mbele, plagi, balbu na ethi. Chukua ule waya wako wenye vibanio, unganisha ethi ya taa moja kwa moja na nguzo hasi ya betri. Ikiwaka, umemaliza kutafuta.

Zinawaka, lakini ni kama mishumaa

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Wananunua balbu kali zaidi, na balbu kali zaidi zinavuta umeme mwingi zaidi kwenye waya ule ule, kwa hiyo mwanga hauongezeki jinsi walivyotarajia na waya unaanza kunuka.

Kosa la kwanza la upimaji ni kuchomoa plagi ya taa, kugusa na mita, kuona volti 12 na kusema umeme umefika. Mita haichoti umeme wowote wa maana. Ni kama mfereji wa mtaani siku ya mgao: ukiufungua maji yanatoka, lakini weka ndoo uone kama itajaa. Waya uliobaki na uzi mmoja tu wa shaba utasomeka volti 12 bila aibu, na ukiutwika spoti ya wati 100 volti hizo zinayeyuka. Kwa hiyo pima plagi ikiwa mahali pake na taa ikiwaka, kwa kupenyeza ncha ya mita nyuma ya plagi.

Tuseme injini inanguruma, spoti mbili za halojeni (balbu zenye uzi ndani) zimewashwa, na kwenye nguzo za betri unasoma 13.9. Hiyo ni sawa. Altaneta nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.4. Unaenda kwenye taa, ncha nyekundu kwenye waya wake wa chanya na nyeusi kwenye waya wake wa ethi: 11.7. Volti 2.2 zimepotea njiani. Kwa halojeni huo si upungufu mdogo, kwa sababu mwanga wake hushuka kwa kasi kuliko volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30.

Sasa zitafute zilikopotelea. Weka ncha nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri na nyeusi kwenye waya wa chanya wa taa, taa zikiendelea kuwaka. Mita inakuonyesha hasara ya upande wa kwenda. Tuseme 0.7. Kisha ncha nyekundu kwenye waya wa ethi wa taa na nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri. Tuseme 1.5. Basi tatizo kubwa ni ethi, na hujagusa spana bado.

Ethi ya 1.5 ina historia ya kawaida. Taa zimefungwa kwenye bulbari, ile fremu ya chuma ya mbele ya gari, na fundi akauweka waya wa ethi kwenye boliti ile ile inayoshika taa. Bulbari imepakwa rangi nzito ya unga inayookwa, rangi hiyo haipitishi umeme, na pengine bulbari yenyewe imekaa juu ya mipira. Umeme unapita kwenye meno ya boliti pekee. Siku ya kwanza taa ziling'aa kwa sababu meno yalikuwa yamekwaruza rangi. Baada ya mvua za Aprili, kutu imeziba.

Usikwaruze bulbari. Vuta waya wa ethi wenye unene sawa na wa chanya hadi kwenye chesisi penye chuma kitupu, au hadi nguzo hasi ya betri kabisa. Ukitumia chesisi, piga msasa mpaka chuma king'ae, weka lagi (kichwa cha waya chenye tundu la boliti) na kipete chenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi inakuja mwisho, si kabla ya kukaza. Ukipima tena, ethi isome 0.2 au chini.

Zile 0.7 za upande wa chanya nazo zigawe: betri hadi 30, kisha 30 hadi 87, kisha 87 hadi taa. Kati ya 30 na 87 rilei nzima haipotezi zaidi ya 0.1 au 0.2, ikipoteza nusu volti, pointi zake zimechoka, na hapo ndipo rilei mpya inastahili kununuliwa. Vipande vingine viwili ni habari ya unene wa waya. Spoti mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17. Waya wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa omu 0.012 hivi kwa mita, kwa hiyo mita nne zake zinakula volti 0.8 kwa kwenda peke yake. Wa milimita mraba 4 unakula 0.3. Kwa spoti mbili za wati 55, wa 2.5 na fyuzi ya 15, ile ya buluu, zinatosha. Kwa mbili za wati 100 nenda 4 na fyuzi ya 25.

Na ukinunua waya, ukwaruze kwa kisu mbele ya muuzaji. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Ukiukwaruza unaona weupe. Unene ule ule, ukinzani zaidi, na unakatika mahali ulipobanwa. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu nao uache kwenye nyumba. Barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo madogo itaukata ndani ya plastiki yake, mahali usipoweza kuuona.

Taa za LED zina tabia tofauti kidogo. Nyingi zina kifaa ndani kinachojaribu kuweka mwanga pale pale, kwa hiyo volti zikishuka zinavuta ampea zaidi badala ya kufifia, halafu ghafla zinaanza kupepesa au kuzima. Hivyo LED inayopepesa ipime kama halojeni inayofifia. Na usichague fyuzi kwa kusoma boksi lake. Baa ya LED, ile taa ndefu ya mstari, iliyoandikwa wati 300 ingepaswa kuvuta ampea 25. Nyingi huvuta chini sana ya hapo. Klampu mita inayosoma DC itakwambia ukweli.

Dalili moja ndogo ambayo hupuuzwa: ukipiga indiketa, spoti zinacheza nayo. Hiyo ni ethi mbovu wanayogawana. Usisumbuke na swichi.

Ukipiga dimu zinawaka, ukipiga fulu zinazima

Hii humfanya mtu adhani gari limelogwa. Alitaka spoti ziwake pamoja na fulu, akachukua waya wa fulu kwenye plagi ya taa kubwa, akaupeleka 86, akaweka 85 kwenye ethi, kama mchoro ulivyosema. Matokeo ni kinyume kabisa. Hasa kwenye Toyota nyingi za zamani: Land Cruiser, Prado, Hilux.

Sababu ni kwamba kwenye magari hayo swichi ya taa haikati chanya, inakata hasi. Balbu ya H4 ina miguu mitatu. Mmoja wa pamoja, na miwili ya nyuzi za ndani, fulu na dimu. Mchoro wa kawaida unadhani mguu wa pamoja ni ethi na kwamba swichi inatuma volti 12 kwenye fulu au dimu. Kwenye Toyota hizi, mguu wa pamoja ndio wenye volti 12, na swichi inachagua uzi wa kuupeleka ethi.

Fuata sasa kinachotokea ukiwa kwenye dimu. Uzi wa fulu haujapata ethi, kwa hiyo hauwaki, lakini volti 12 zinapita ndani yake kutoka mguu wa pamoja na kutokea kwenye waya wa fulu. Rilei yako inazipokea kwenye 86, inavuta, spoti zinawaka. Ukipiga fulu, swichi inaupeleka waya huo ethi, 86 inabaki na sifuri, rilei inaachia. Rilei inafanya kazi yake sawasawa. Imepewa amri iliyogeuzwa.

Thibitisha kwa mita kabla ya kubadilisha. Plagi ikiwa imechomekwa na taa zikiwa dimu, pima nyaya zote tatu dhidi ya nguzo hasi ya betri. Waya mmoja utabaki na volti 12 katika hali zote mbili. Huo ni wa pamoja. Waya wa fulu utasoma 12 kwenye dimu na kuanguka karibu na sifuri kwenye fulu. Ukiona hivyo, gari linakata hasi. Lakini kama uliondoa halojeni ukaweka balbu za LED, kipimo hiki kinaweza kukudanganya, maana hakuna uzi wa kupitisha hizo volti. Rudisha halojeni kwa muda wa kupima.

Dawa yake ni nyaya mbili tu. Peleka waya wa pamoja wa chanya kwenye 86, na waya wa fulu kwenye 85. Kwenye dimu pande zote mbili za koili zina volti 12, hakuna tofauti, rilei imelala. Kwenye fulu, 85 inapata ethi, rilei inavuta. Swichi ya dashibodi iweke katikati ya njia ya kwenda 86, ili uweze kutumia fulu bila spoti. Mpango huu una faida nyingine: ukikutana na lori usiku kwenye barabara ya Narok, dimu moja inazima kila kitu.

Magari mapya yaliyoletwa na taa za LED za kiwandani ni habari nyingine. Waya wa taa kubwa unaweza kuwa unapokea umeme wa kukatwakatwa na kompyuta, na rilei ikiunganishwa hapo inavuma kama nyuki. Usilazimishe. Chukua umeme wa amri kutoka fyuzi inayopata umeme ukiwasha gari kwa ufunguo, upitie swichi yako, basi.

Fyuzi inaungua

Kwanza ujue inaungua lini. Ikiungua papo hapo unapobonyeza swichi, kuna mkato. Ikidumu dakika kumi au saa nzima, kuna mzigo mkubwa kuliko fyuzi au kishikio kinachochemka.

Swichi zenye taa ndani zina miguu mitatu, na mmoja wao, mara nyingi wa rangi ya dhahabu, ni wa ethi ya ile taa ndogo peke yake. Watu huugeuza na mguu wa kutoa. Matokeo: ukibonyeza, swichi inaunganisha chanya na ethi moja kwa moja, na fyuzi inakwenda.

Kwa mkato wa upande wa mzigo, usichome fyuzi nzima nzima ukitafuta. Chomoa plagi za spoti zote mbili. Toa fyuzi kuu, na mahali pake unganisha ile testa ya wati 21, mguu mmoja kila upande wa kishikio. Washa swichi. Kama kuna mkato, balbu itawaka kwa nguvu zote, na kwa kuwa yenyewe inazuia umeme usizidi ampea 2, hakuna kinachoungua. Sasa tembea na waya: utikise kwenye bampa, uinue kwenye kona ya radieta, uusogeze penye klipu. Pale utakapogusa na balbu izime au ipepese, ndipo plastiki imetobolewa.

Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kuugeuza waya uwe ndio fyuzi. Na fyuzi kuu ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 30 hivi. Nimeona zimewekwa pembeni ya rilei, upande wa pili wa injini. Kipande chote kutoka betri hadi hapo hakina ulinzi, na ndicho kinachopita karibu na eksozi.

Hazizimi

Chomoa waya wa 86. Zikizima, amri haikatiki: swichi imeshikana au imechukua umeme pasipofaa. Zikiendelea kuwaka, pointi za rilei zimeshikamana kwa joto. Kuigonga kwa mpini wa bisibisi huziachanisha na kukufikisha nyumbani, lakini hiyo si rilei ya kubaki nayo. Uliza pia kwa nini zilishikamana: rilei ya ampea 20 iliyobebeshwa 25, au mkato uliotangulia ambao fyuzi kubwa mno iliuficha.

Inatetema, tak-tak-tak-tak

Koili inapata umeme nusu. Anza na ethi ya 85, halafu plagi ya swichi, halafu betri yenyewe. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma kama 12.6; ikiwa imeshuka hadi 11 na spoti zinaivuta zaidi, rilei inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Washa gari uone kama itatulia.

Jumatatu asubuhi gari haliamki

Wenye gari la kuegesha mjini wengi huchomoa spoti na kuziweka ndani ili zisiibwe, nami siwalaumu. Ila swichi inabaki imewashwa, na kama ilichukua umeme moja kwa moja kutoka betri, koili inakunywa ampea 0.15 usiku na mchana. Toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi hizo ni ampea-saa 9. Betri mpya itavumilia. Ya miaka minne huenda isivumilie. Hamishia umeme wa swichi kwenye fyuzi inayozima pamoja na gari.

Kama swichi ilikuwa imezimwa, chomoa rilei na upime uvujaji kwa mita iliyowekwa katikati ya nguzo hasi na waya wake, kwenye tundu la ampea 10, milango ikiwa imefungwa. Subiri kompyuta ilale. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Usiwashe injini mita ikiwa hapo.

Mengine madogo

Redio ikijaa kelele za kukwaruza ukiwasha baa ya LED, kelele hiyo inatoka kwenye kifaa cha ndani ya taa. Sogeza waya wake mbali na waya wa antena, usokote chanya na ethi pamoja, na jaribu pete ya feraiti (ya kuvalisha waya ili kupunguza kelele) karibu na taa. Taa za bei rahisi sana hazitibiki.

Rilei igeuze miguu iangalie chini. Ikiangalia juu inakuwa kikombe, na mashine ya presha ya pale unapooshea gari inakijaza maji kuliko mvua yoyote. Vumbi la Magadi lina chumvi za soda, na likichanganyika na maji hayo utaikuta miguu ya rilei imeota ukungu wa kijani. Safisha, kausha, paka grisi ya umeme.

Ukishamaliza, washa injini na spoti zikae zimewaka kwa robo saa, kisha pitisha kidole kwenye kila kiungo: kishikio cha fyuzi, pini 30, pini 87, plagi za taa, lagi ya ethi. Vuguvugu ni sawa. Panapokuchoma, fungua ukabane upya kwa koleo la terminali, hata kama taa zinang'aa vizuri.